Chupa ya Samaki Bomani

Jumatatu nilikuwa kwenye benchi la boma nikisubiri cheti changu, nikamwona mtumishi wa bwana mkubwa, mtu mzima mwenye ndevu, akilia machozi juu ya chupa pana ya kioo. Ndani mlikuwa na mchanga, majani ya mtoni na samaki wawili wadogo kama ukucha, wakitweta juu ya maji.

"Wakifa ni viboko hamsa ishirini," aliniambia, akijishika makalio. "Na bwana anarudi na gari la moshi la leo."

Akaingia mama wa Kiluguru na mtungi wa maji ya mto kichwani.

"Shikamoo, mama," mtumishi akamwamkia.

"Marahaba. Umewafanya nini hawa?"

"Nawatunza! Kila asubuhi namwaga maji yote, nasugua kioo kwa majivu, naosha majani moja moja."

Mama akatua mtungi. "Kwetu mlimani, anayesugua chemchemi tunamfukuza. Ule utelezi wa kijani ndio uhai wao."

Akapunguza maji ya chupa nusu, akaongeza ya mto kwa kiganja, polepole. "Sasa usiguse."

Tukakaa, mikono mapajani. Gari la moshi likapiga mluzi stesheni. Samaki mmoja akashuka, akadonoa jani, mwenzake akamfuata. Mtumishi akashusha pumzi, nami nikajikuta nashusha yangu.

Bwana akaingia, akainama, akachungulia. "Vizuri. Umefanya kazi."

Sijapata kumwona mtu mwingine akisifiwa bomani kwa kukaa mikono mapajani. Mimi nilikaa hivyo hivyo tangu asubuhi, na cheti sikupewa.