Pamba Moja, Safari Moja

Nesi huyu, akina mama wa kliniki wanamwita Mama Pamba, naye huitika. Kabla ya kumgusa mtoto hunawa mpaka viwikoni, kisha huacha mikono ikauke hewani kama anayesubiri kupokea kitu. Siku tuliyompeleka mtoto wa dada, wa miezi miwili, jicho la kushoto lilikuwa limegandana kwa tongotongo, na dada alikuwa hajaligusa tangu juzi kwa woga.

"Atapofuka, nesi?"

Mama Pamba alichovya pamba kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, akailaza juu ya jicho mpaka tongo likalainika, akafuta kutoka puani kwenda sikioni, akaitupa. "Pamba moja, safari moja. Hakuna kurudi." Jicho likafunguka, likatushangaa. "Unaona lilivyo jeupe? Lingekuwa jekundu au limevimba, saa hizi ningekuwa nakukimbiza kwa daktari. Hiki ni kijia cha machozi tu, hakijazibuka. Kwa wengi huzibuka chenyewe. Haya, kanda hapa kwenye kona, ushuke na pua."

"Kanda wewe, nesi, una mkono mwepesi."

"Mimi sihamii kwenu, mwanangu."

Akarudisha mikono nyuma, akaifumbata. Dada akakanda, na Mama Pamba akatazama dirishani, hata akapiga mwayo. Lakini mimi nilisimama nyuma yake na mkoba wa nepi. Kila dada alipokanda, kidole cha Mama Pamba kilishuka polepole kwenye kiganja chake mwenyewe.