Fesi Apu, Mama Watoto

Neno lenyewe mume wangu alirudi nalo kutoka semina ya Songea, pamoja na kalamu ya bure na begi la plastiki. Face up to. Alikuwa karani wa mizani katika ghala la ushirika pale Mbinga mjini, kazi yake kupima kahawa, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji.

"Maana yake," akanieleza huku akivua viatu, "jambo gumu ulitazame usoni, usilikimbie."

"Jambo gani?"

"Lolote tu, mama watoto. Siku hizi ni soko huria."

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuingia na malori yao kuchukua kahawa mlangoni kwa mkulima, na ghala la ushirika likawa linapiga miayo. Basi nyumba nzima ikawa fesi apu. Ugali wa muhogo, fesi apu. Sabuni imekwisha, fesi apu. Watoto nao wakalidaka, mdogo akigoma kuoga asubuhi kwa ile baridi yetu, dada yake anamsukuma mgongoni: "Fesi apu!" Hata mama mmoja wa Lundo, aliyekuwa akitupandishia usipa kutoka ziwani, dagaa zake zikibaki alijifariji hivyo hivyo. Mimi sikucheka. Mtu akinihubiria ujasiri kutwa bila kunitajia adui ni nani, namtilia shaka.

Nikaanza kumchunguza. Kwanza akaanza kufua suruali zake mwenyewe. Jamani! Mwanamume wa Kimatengo, mke yupo, maji yapo, anainamia beseni alfajiri kama mseja? Nikimwambia lete nifue, anasema, "Wewe pumzika." Tangu lini? Baadaye suruali zikawa zinarudi safi, lakini kanga yangu ya njano ikayeyuka kwenye kamba. Nikawauliza watoto, nikamuuliza jirani, nikamuuliza na yeye. Akakohoa. Nikimpa chai, anapokea kikombe kwa ncha za vidole, anakiweka chini upesi. Mtu mwenye raha na mkewe hapokei chai namna ile.

Yule mama wa usipa ndiye aliyenimaliza. Siku hiyo aliweka beseni chini, akatazama nyuma, akasema, "Dada, usinitaje. Shemeji nimemwona Ukata, tena si mara moja, saa za kazi, anapandisha mlima."

Ukata ndiko kwao. Shamba la marehemu mama mkwe liko huko mlimani, na tangu tumzike lilikuwa pori. Sasa mtu wa mizani anafuata nini porini? Kikulacho ki nguoni mwako. Nikajua kuna mwanamke, na kwamba huyo ndiye jambo gumu nililokuwa ninaandaliwa kulitazama usoni: siku moja ataingizwa ndani na mkeka wake, nami niambiwe fesi apu. Nyumba ile nilijenga naye, matofali nimeyabeba kwa kichwa hiki. Sikuwa tayari kugawana na mtu hata kizingiti.

Asubuhi moja akaondoka na shati lake la kazini. Nikampa muda, nikajifunga kibwebwe, nikadandia lori la mbao mpaka njia panda, safari iliyobaki nikaimaliza kwa miguu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia huyo bibi.

Nilipofika nikatazama mara mbili. Pori halikuwepo. Mteremko mzima ulikuwa ngoro tupu, yale mashimo yetu ya mlimani, yamejipanga, kingo bado mbichi, na upande wa juu maharage yameanza kuchipua. Kwa desturi ya huku, mwanamume anafyeka majani na kuyalaza kwa mistari, basi, kazi yake imeisha. Kuchimba shimo na kuyafukia majani kwa udongo ni kazi ya mwanamke. Mimi ni mtoto wa ziwani, wa Chiwanda, ngoro nilifundishwa na mama mkwe kwenye mteremko ule ule. Mwanamume akikutwa anachimba, watamwimba kilabuni mpaka ahame. Na ukiona vyaelea, vimeundwa. Mashimo yale yalikuwa na mikono ya mwanamke, na tena mwanamke aliyekwisha kupewa shamba la mkwe wangu.

Nikasikia jembe kule chini, karibu na migomba. Nikaokota fimbo, nikashuka. Nikaona mgongo umeinama, kiunoni umefungwa kanga ya njano. Kanga yangu! Machozi ya hasira yakanitoka.

"We mwanamke!" nikapiga kelele. "Kanga yangu, shamba la mkwe wangu, na mume wangu pia?"

Mgongo ukanyooka. Alikuwa mume wangu.

Hakukimbia. Alisimama ndani ya shimo, kanga imemfika magotini juu ya suruali, viganja vimejaa malengelenge. Mimi nikawa naangalia huku na huku, bado namtafuta mwanamke. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Walitupunguza kazini," akasema. "Ile semina ndiyo ilikuwa ya kutuaga."

"Na kanga?"

"Wanaopita ng'ambo ya bonde wakiiona, wanajua ni mama analima. Hawaji kusalimia."

Nilitegemea moyo utatulia. Wapi!

"Kwa nini hukuniambia?"

Akaangalia jembe. "Wakubwa wa ushirika niliwatazama usoni, nikasaini. Mlima huu nimeutazama. Hata kuchekwa, siku wakinijua, nilikuwa tayari. Wewe ndiye niliyeshindwa kukutazama."

Mke mwenza ningempiga, au ningemfukuza, au ningefungasha virago nirudi kwetu; yote hayo nilikuwa nimeshayapanga njiani. Lakini mwanamume aliyeona heri avae kanga na kufanya kazi ya kike mlimani kuliko kuniambia mimi, mkewe, sentensi moja, huyo nimfanye nini? Nikaitupa fimbo, nikaketi ukingoni mwa shimo, nikalia kilio ambacho kwa ajili ya mwanamke mwingine nisingelia kamwe. Yeye akabaki amesimama pale pale chini, akingoja nimalize, anaogopa kunisogelea.