Diwani wa Bibi na Magadi ya Farao

Enzi zetu pale Sokon One, mtaani kwetu Arusha, ukitaka kujua habari za Farao ulikuwa na watu wawili tu wa kuwauliza: mwalimu wa kipaimara na Aminieli. Mwalimu alijua kwamba Farao alizama Bahari ya Shamu, basi. Aminieli, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa amenizidi darasa moja na kujiamini madarasa kumi. Alikuwa amesoma ukurasa mmoja na nusu wa kitabu cha historia kabla panya hawajamalizia kilichobaki, na kwa ukurasa huo alifundisha mtaa mzima.

"Kama Farao alizama," nilimuuliza, "huyo waliyemkausha ni nani?"

"Walimwopoa kwanza. Wewe ungekauka ukiwa majini?"

Nani angebisha? Siku hizi kijana akiwa na swali anaiuliza simu, simu inamjibu kabla hajamaliza kuuliza, naye anasahau kabla simu haijamaliza kujibu. Sisi swali tulitembea nalo, tukalichunga pamoja na mbuzi, tukalala nalo. Mimi niliapa kwamba nikikua nitasomea Misri. Wakati huo sikuwa nimefika hata Usa River, hapo jirani tu, peke yangu.

Sasa, Bibi yangu wa Marangu alikuwa ametuachia paka alinde mahindi ya stoo. Aliitwa Diwani kwa sababu alikula, akalala, na ukimhitaji humwoni. Bibi alimpenda kuliko sisi wajukuu. Akija Arusha, kabla hatujamaliza "shikamoo Bibi", anauliza, "Diwani wangu yuko wapi?" Marahaba ilikuja baadaye, ikikumbukwa.

Wiki ile Bibi alipotarajiwa kuja kwenye kipaimara changu, Diwani alikula panya aliyekula sumu. Tulimkuta nyuma ya magunia, amekakamaa. Nikalia. Si kwa ajili ya paka, ni kwa kufikiria uso wa Bibi pale atakapouliza.

"Tumkaushe," akasema Aminieli. "Bibi akija atamkuta mzima."

"Mzima?"

"Mzima wa kizamani."

Kitabu kilisema Wamisri walikausha maiti kwa magadi. Magadi! Tulitazamana. Kumbe siri ya Mafarao ilikuwa jikoni kwa Mama, kwenye kopo juu ya kabati, magadi yale yale wanayotia kwenye maharage yalainike. Tukayatwanga yote, tukamzika Diwani ndani yake kwenye katoni ya sabuni.

Kitabu kilisema pia ubongo utolewe kwa waya kupitia puani. Aminieli alishika spoku ya baiskeli, mimi nikashika kichwa, tukatazamana tena, tukakubaliana kwamba Diwani hakuwa na ubongo wa kusumbua. Utumbo nao tukamwachia kwa heshima. Kiongozi haendi safari ndefu bila tumbo. Ninyi mliosomea mambo haya, najua hapo mmeshika vichwa. Basi shikeni vizuri. Siku nne baadaye tukamvingirisha vipande vya pazia kuukuu, tukamwekea macho ya vifungo vya shati, na Aminieli akachora maandishi ya Kimisri juu ya katoni: bata, jicho na nyoka.

Siku ya kipaimara ikafika. Nimevaa suti ya kuazima, nyumba imejaa, Mama amepika kiburu, ndizi na maharage, chakula cha heshima cha kwetu. Ila maharage yalikataa kuiva. Yalichemka tangu alfajiri na bado yakagonga sufuria kama mvua ya mawe.

"Magadi yangu yamekwenda wapi?" Mama aliuliza jiko zima. Aminieli akaanza kusogea mlangoni.

Bibi alitafuna, akasita, akatafuna tena. "Mama Godi, umepika maharage au kokoto?" Kisha, kama nilivyoogopa, akageuka. "Na Diwani wangu yuko wapi? Godi! Nakuuliza wewe."

Sikuhitaji kujibu. Joto la mchana lilikuwa limefanya kazi yake, na kutoka stoo Diwani akaomba nafasi ya kuzungumza. Wageni wakafunika pua. Nilimtafuta mtaalamu wetu. Alikuwa ameshavuka Bahari ya Shamu.

Bibi aliingia stoo, akafungua katoni, akageuzia kifuniko kwenye mwanga.

"Hili bata linasema nini?"

"Linasema pumzika kwa amani, Bibi."

"Na nyoka?"

"Amina."

Alicheka mpaka kitenge kikamlegea. "Ruwa wangu, Mungu wangu! Mmemfunga kama mtoto mchanga!" Halafu kicheko kikageuka, machozi yakaja ya kweli, nami nikamshika mkono.

"Bibi, ni ili usimkose. Hata Farao walimfanyia hivi."

Akajipangusa. "Farao alikuwa maskini, mjukuu wangu. Hakuwa na mgomba hata mmoja wa kuzikwa chini yake. Ndiyo maana alijirundikia mawe. Lete jembe."

Nikachimba migombani nyuma ya nyumba, na suti ya watu. Bibi alisimama mpaka udongo uliposhindiliwa, kisha akarudi mezani akamaliza kiburu chake, kokoto zote.

Misri sikufika. Nilifika kidato cha nne, nikarudi nyumbani, nikakaa, na kochi langu ni shahidi. Juzi Brayan, mtoto wa dada, alikuja na simu yake.

"Anko Godi, eti piramidi zilijengwa na viumbe wa angani? Mimi nataka kusomea hayo mambo."

Nilimweleza habari za Diwani. Kijana ambaye hajawahi hata kutwanga magadi alinikodolea macho.

"Noma! Sasa mumia wenu yuko wapi, nimpige picha?"

"Tulimla."

"Anko!"

"Mkungu mmoja baada ya mwingine. Mgomba ule ulizaa ndizi ambazo Bibi alikuwa akibeba mpaka Marangu, kwenye asili ya ndizi zenyewe, akiwaambia watu ni za Diwani. Kula moja basi, uone."

Ila hakukuwa na ya kumpa. Sasa Bibi hayupo, na sisi wajukuu tulikaa kikao tukakubaliana, mimi nikiwemo, kwamba migomba inachafua. Tukaikata yote, tukamwaga zege na kupanga matofali mazuri ya kijivu, magari ya wapangaji yapate pa kulala. Brayan alitoka akapiga picha ya matofali hayo. Nilibaki mlangoni nikiyatazama, mawe juu ya mawe, na nikamsikia Bibi vizuri kabisa: maskini.