Ndimi za Moto Ubavuni mwa Gari la Dada

Teksi iliniacha mbele ya mlango wa bluu katika mtaa nisioujua. Kabla sijashusha sanduku, mlango ulifunguliwa na mwanamume aliyevaa glavu za mpira, mswaki mkononi, uso kama wa mtu aliyefiwa.

"Karibu, mgeni," alisema. "Mkono sikupi. Nimelowa mafuta ya breki hadi viwikoni."

Nimekodi vyumba katika miji mingi na kukaribishwa kwa lugha nyingi, lakini hivyo, bado. Chumba changu kilikuwa cha nyuma, kwa wiki moja. Mwenye nyumba alikuwa fundi wa meno ya bandia na sebule ndiyo karakana yake. Mataya ya plasta yalipangwa rafuni yakinichekea. Mezani, juu ya gazeti, palikuwa na bodi ya gari dogo la plastiki, jeupe, halina hata tone la rangi.

"Zimekwenda," alimwambia mkewe. "Ndimi zote za moto zimekwenda."

Mkewe alinimiminia chai, akanieleza. Lilikuwa mfano wa yale magari ya zamani yanayopunguzwa paa na kuachwa injini nje, yakimbie kwa mbwembwe. Aliyeliunganisha ni dada mkubwa wa mumewe, enzi za usichana wake. Mama yao alikuwa amefariki, na dada ndiye aliyemlea mdogo wake: alimlisha, alimfulia, kisha akaendesha malori miaka yote, hadi madereva wenzake wakamwita Bi Gia, ili huyu asome ufundi. Ubavuni mwa gari alichora ndimi za moto kwa rangi ya kucha, maana hakuwa na rangi nyingine. Baadaye shangazi mmoja akalipaka lote rangi ya mlango, eti lipendeze. Sasa dada alikuwa anastaafu Jumamosi. Fundi alitaka kuiondoa rangi ya shangazi ili ndimi zionekane tena, ampelekee dada gari lake kama alivyolitengeneza mwenyewe. Lakini mafuta ya breki aliyoliloweka humo yalikuwa yameondoa rangi zote mbili.

"Si uchore nyingine," mke alisema. "Moto ni moto."

"Moto ni moto? Yule ni Bi Gia! Atatupa jicho moja tu aulize, 'Nani kanichorea ndizi?'"

"Basi mpigie, umuulize zilikaaje."

"Nimwambie nimezifuta?"

"Haya, kaa na msiba wako. Chai inapoa."

Hakunywa. Alivua glavu, akapitisha ukucha wa kidole gumba ubavuni mwa gari, kama anavyotafuta mkwaruzo kwenye ufizi wa bandia kabla haujamuumiza mteja. Ukucha ukanasa. Akavuta taa, akailaza karibu kabisa na meza.

"Mgeni, hebu njoo. Macho yangu yananidanganya?"

Hayakumdanganya. Kwenye plastiki palikuwa na mistari iliyofifia, yenye mawimbi, imezama kidogo. Rangi ya kucha ilikuwa imeila plastiki siku ile ile ilipopakwa. Rangi yenyewe ilikuwa imeondoka, lakini makovu yalibaki, kila ulimi mahali pake. Msasa wa kulainishia bodi, ambao ungeyafuta, ulikuwa tayari umekatwa, uko karibu na kikombe. Aliusukumia mbali kwa kiwiko.

"Mama watoto! Ile rangi yako ya kucha, nyekundu!"

"Ile ya harusi ya mdogo wangu? Haiguswi."

"Ni ya gari la wifi yako."

"Kama ni ya wifi, chukua. Ingekuwa yako wewe, ungeisikia harufu tu."

Siku zilizofuata nilitoka kuuona mji na kurudi mapema kuliko nilivyopanga, nimshikie taa. Fundi alitanguliza rangi ya msingi, nyepesi, ili plastiki isiliwe tena, akaiacha ikauke. Ekseli iliyovunjika aliiunda upya kwa waya wa kushikia meno. Injini aliing'arisha kwa dawa ile ile inayong'arisha tabasamu za watu. Kisha akafuata makovu kwa brashi nyembamba, midomo ameikaza kama anayetunga uzi kwenye sindano.

"Ulimi huu wa mlangoni umepinda," mkewe alisema akiwa nyuma yake.

"Ulipinda zamani. Alikuwa amenipakata akichora, nikampiga kikumbo." Akatabasamu. "Angenishusha sakafuni, ungenyooka. Hakunishusha."

Mkewe alimwekea mkono begani.

Asubuhi ya Ijumaa fundi alivaa shati lililopigwa pasi. Gari lilikuwa kwenye boksi la kusafirishia meno, limezungushiwa pamba. Nikamwombea safari njema. Akanishukuru kwa kushika taa, kana kwamba nilifanya kazi.

"Mwambie wifi nampenda," mkewe alisema. "Na usilale kwenye basi, utalikalia."

"Nilale vipi? Hata kupiga chafya naogopa."

Alishuka barabarani polepole, boksi kifuani, akikwepa kila dimbwi. Tulibaki mlangoni.

"Unamwona?" mkewe aliniambia. "Mtoto wetu wa kwanza hakubebwa hivyo."