Zamu ya Dirishani

Mimi kwenye ndege ni mtu wa masharti, na sioni haya kusema. Nafika uwanjani saa mbili kabla, hata kama ndege yenyewe imezoea kuchelewa. Sikabidhi begi, nisichoweza kubeba mwenyewe kinabaki nyumbani. Sili kitu chenye harufu, kwa sababu niliwahi kukaa jirani na mtu aliyefungua dagaa wa kukaanga angani, na mpaka leo sijamsamehe. Na lazima nikae dirishani. Wenzangu wa kazini Dar es Salaam wanajua kwamba nikipewa kiti cha katikati, siku yangu imeharibika na ya kwao pia.

Wanangu wananicheka. Tukienda likizo kila mmoja anabeba begi lake, na kabla ya kuondoka lazima alizunguke nalo jengo letu la ghorofa mara tatu, huku majirani wakituchungulia kutoka kwenye vibaraza. Anayehema anarudi ndani kupunguza. Wanadhani ni wazimu wangu mwenyewe. Nimeutoa Tabora, kwa baba yangu. Chochote chenye akili katika masharti yangu ni cha kwake, na kisichokuwa na akili nimekiongeza mimi.

Baba alikuwa mwalimu wa Jiografia wa shule ya msingi, na tulikaa Isevya, nyumba ya vyumba vitatu ambayo yeye na mama wanaishi hadi leo. Kila Desemba alitupakia kwenye treni, watoto watano na mama, kwenda kwa shangazi yetu aliyeolewa Ujiji. Ndiyo ilikuwa likizo yetu, na kwa wiki mbili kabla yake nyumba ilitawaliwa na kanuni za safari.

Kanuni ya kwanza ilikuwa mzigo. Babu wa babu wa baba alikuwa mpagazi, mmoja wa wale Wanyamwezi waliobeba meno ya tembo begani mpaka pwani, na baba aliliona hilo kama cheo. Alitupanga uani kila mtu na furushi lake, tukazunguka nyumba mara tatu, yeye mbele na sanduku la bati kichwani. Nilikuwa na miaka saba nilipoacha mdoli wangu mlangoni kwa sababu ya mzunguko wa tatu. Nililia, nikamkasirikia baba mpaka Urambo. Kutoka Urambo nilimsahau mdoli, kwa sababu zamu yangu ya dirishani ilikuwa imefika.

Hiyo ndiyo kanuni niliyoipenda kuliko zote. Dirishani alikaa ambaye hajaona. Tulibadilishana kwa vituo: Urambo, Kaliua, Usinge, Uvinza. Mdogo wetu kabisa alianza, kwa sababu alikuwa ameona machache kuliko sote, na mama naye alipata kituo chake kama sisi. Wakati wote huo baba alikaa ukingoni mwa benchi, magoti yake yakigongwa na kila aliyepita. Tukimwambia, "Baba, na wewe njoo," alijibu jibu lilelile, "Mimi nilishaona." Nilimwamini kabisa. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto ndipo mama akaniambia kwamba safari ya kwanza kabisa ya baba kwenda Ujiji ilikuwa na sisi, na hata siku hiyo alisema alishaona.

Lakini ukimsikiliza darasani ungeapa ameiona dunia nzima. Alisimama mbele ya ubao na chaki, bila kitabu, akachora njia ya misafara kutoka Bagamoyo, akaipandisha Ugogo, akaifikisha Tabora na kuiteremsha hadi Ujiji. Tabora aliichora kwa chaki ya rangi. Aliweka reli inapogawanyika, moja kwenda Kigoma na nyingine Mwanza, aliweka barabara ya Puge na Nzega, mabwawa, misitu, kila kitu mahali pake. Nilikaa dawati la mbele nikijivuna kama vile mkono ule ni wangu. Wanafunzi walisema Mwalimu ameiona Tabora kutoka juu. Hakuwa amepanda ndege hata siku moja, na siri yake, ambayo mama pekee aliijua, ni kwamba alitamani sana kulinganisha ramani yake na mji wenyewe.

Mwaka jana alianza kujigonga kwenye fremu za milango. Alidai milango imehama. Hospitali walisema ni presha ya macho, imekaa muda mrefu kimyakimya, na kilichopotea hakirudi. Alikuwa akiona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari wa Dar es Salaam alinieleza bila kunizungusha: upasuaji unaweza kuokoa kilichobaki, na unaweza usiokoe. Nikakata tiketi tatu za ndege, ya baba, ya mama na ya kwangu, nikaja Tabora kuwachukua.

Asubuhi ya safari nilikuta baba ameshavaa koti, anazunguka nyumba na begi begani. Ana miaka zaidi ya sabini, haoni pembeni, na anahesabu mizunguko kwa sauti. Mama alikaa kizingitini akimwangalia.

"Mwambie aache," nilimwambia mama.

"Mwambie wewe," alisema. "Mimi nimeolewa naye tu."

Alimaliza mitatu bila kuhema. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumgombeza, na muda wa yote mawili haukuwepo, kwa sababu bado ilikuwepo kanuni ya kuaga. Kwetu huondoki kama mwizi. Unapita nyumba kwa nyumba, unaeleza uendako na siku unayotarajia kurudi, ndipo unaondoka. Nilimwonyesha saa. Nilimweleza kwamba viti havikupangwa mapema, kwamba kwenye ndege ile anayewahi ndiye anayechagua, na kwamba nimeshawaza kuwachukulia madirisha wao wawili. Akanisikiliza kwa adabu zote, halafu akaanza na nyumba ya kulia.

"Mwangaluka," aliita mlangoni kwa salamu yetu ya asubuhi, na mimi nyuma yake nikatazama saa tena. Nyumba kumi na moja. Ya mwisho ilikuwa duka la kona, la mzee ambaye ukoo wake uliingia Tabora kutoka Omani siku za misafara na haukutoka tena. Walisoma pamoja na baba. Mzee aliacha wateja wake, akaja barazani akamshika baba mikono yote miwili.

"Mwalimu, unarudi lini?"

"Wiki tatu, Mungu akipenda."

"Inshallah. Urudi uje unisomee gazeti, miwani yangu imekufa."

Baba alicheka. Mimi nilitazama pembeni, kwa sababu wote wawili walijua anakokwenda na kwa nini.

Uwanjani nilikuta nilichokiogopa. Dirisha lilikuwa limebaki moja. Tulipata viti viwili vya pamoja, cha dirishani na cha kando yake, na changu ng'ambo ya njia, kwenye mstari uleule, kisicho na dirisha. Miaka yote hii ya masharti, na nimeangushwa na nyumba kumi na moja za Isevya.

Kisha nikajiaibisha mwenyewe. Kwenye ukaguzi, dada wa zamu alitoa dumu la asali kwenye begi langu. Ilikuwa asali ya Usinge, zawadi ya mwanafunzi wa zamani wa baba, na baba alitaka tumpelekee daktari kwa sababu hawezi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Nilikuwa nimelifunga mimi. Mimi, ninayepita viwanjani kila mwezi na kuwafundisha wengine kwamba mafuta na sabuni ya maji haviingii na begi la mkononi.

"Dada, vya majimaji haviruhusiwi," alisema kwa upole.

"Asali si majimaji. Asali ni chakula!"

Nilisema kwa sauti, na niliamini. Ukikulia Tabora asali huihesabu pamoja na ugali na karanga. Foleni ilianza kucheka. Dada yule naye alikuwa wa hukohuko, maana alinijibu, "Hata kwetu ni chakula, dada yangu, ila inamwagika." Nilikuwa najiandaa kuendelea, baba akaniwekea mkono begani.

"Mwanangu, mwenye kazi yake mwache aifanye."

Akalichukua dumu, akamwomba msamaha yule dada kwa usumbufu, akamwomba mama alirudishe nje kwa dereva wa bajaji aliyetuleta. Dereva alikuwa hajaondoka. Mama alirudi anatabasamu, akasema kijana ameshukuru mpaka amevua kofia. Nimewahi kukutana na wakubwa wenye walinzi na magari, na bado sijaona mtu anayejua kushindwa kwa heshima kama baba yangu.

Tukaingia ndani ya ndege. Nilijua kitakachotokea, na kilitokea. Baba alifika kwenye kiti, akasimama kando, akamwonyesha mama dirisha kwa mkono.

"Ingia wewe. Hujawahi kuona."

"Na wewe umeona lini?" mama aliuliza.

"Mimi nimeichora miaka thelathini."

"Kuchora siyo kuona, Mwalimu."

"Kanuni ni kanuni. Ingia."

Watu walikuwa wanasubiri nyuma yetu na mabegi yao. Nilifungua mdomo kuamua kesi, maana kwa kanuni ileile wote wawili walikuwa na haki, na mama akanitangulia. Hakupandisha sauti. Alimrekebishia baba kola ya koti, kama anavyofanya kila asubuhi.

"Kaa wewe," alisema. "Mimi nitaona tukirudi."

Baba aliinamisha kichwa asigonge dari, akaingia dirishani.

Ndege iliporuka aliweka paji la uso kwenye kioo. Kwa kuwa aliona katikati tu, alikuwa akisogeza kichwa polepole, kipande kwa kipande, kama anayesoma mstari kwa mstari. Mama hakuchungulia hata kidogo. Alitazama mbele, mkono wake juu ya goti la baba, na mimi ng'ambo ya njia nilimtazama yeye na kusahau kwamba sina dirisha. Ndege iliinama upande mmoja, na kwa mbali niliona kwenye kioo chao mabati yakimetameta, kisha msitu. Baba alikuwa akinong'ona majina ya mahali. Tulipoingia mawinguni aligeuka kwetu, macho yamejaa maji.

"Barabara ya Nzega niliikosea," alisema. "Nimeipinda mno."

Alifurahi sana kulijua hilo kosa. Alilieleza tena Dar es Salaam, kwa muuguzi, kwa daktari, na kwa wanangu, aliowachorea barabara upya kwenye karatasi usiku wa kuamkia upasuaji.

Upasuaji haukuokoa tulichotaka. Jicho la kulia lilikwisha, la kushoto likabaki na mwanga na vivuli. Daktari alisikitika kweli, na baba ndiye aliyempa pole. Mimi nilikwenda kulia kwenye ngazi za hospitali. Nilikasirika na nilikosa wa kumkasirikia.

Wiki tatu tangu tuage, kama alivyoahidi mlango kwa mlango, tulirudi. Safari hii nilifika uwanjani saa tatu kabla na nikapata nilichotaka. Mama alikaa dirishani, baba kando yake, na mimi kwa hiari yangu nikachukua kile kiti cha ng'ambo ya njia.

Masikio yalipoanza kuziba, baba alimgusa mama mkono.

"Tunashuka. Umeona reli?"

"Naona msitu tu, Mwalimu."

"Subiri kidogo. Kwanza utaona mabani ya kukaushia tumbaku, halafu uwazi, halafu reli."

Mama alisogea kwenye kioo. "Mabani nayaona. Na uwazi." Kisha sauti yake ikapanda kama ya mwanafunzi aliyepata jibu. "Reli hiyo!"

"Ifuate kwa macho. Mbele inagawanyika. Moja Mwanza, moja Kigoma."

"Imegawanyika! Na kuna mji, na mabati, Mwalimu, mabati mengi! Isevya ni ipi?"

Akamwelekeza. Alimpitisha mji mzima, kichwa chake kimeelekea mbele na mkono wake ukichora hewani kama zamani ubaoni, na kila alichosema kilitokea chini yetu mahali pake. Mama alicheka, akafuta machozi, akacheka tena. Halafu akakumbuka kanuni, akajibana kwenye kiti kumpisha.

"Njoo na wewe," alisema. "Japo mwanga."

"Kaa tu," baba alisema. "Mimi nilishaona."