Jumapili ya Kutaja Ukoo

Miaka ya vita nilifundisha Kiingereza katika shule ya kanisa letu hapa Butembo. Kiingereza chenyewe kilikuwa cha kubahatisha. Nilikuwa na kamusi moja nene niliyoachiwa na mmisionari aliyekimbia, haina jalada, kurasa zake za mwanzo zimeliwa na panya. Jioni nilisoma ukurasa mmoja, kesho yake nikajitia bingwa mbele ya wanafunzi.

Ijumaa moja tulifika kwenye neno kind. Niliandika ubaoni: mwema, mwenye huruma. Kisha, kwa kupenda kujionyesha, nikawaeleza kwamba zamani neno hilo lilihusu kuzaliwa, na kwamba lina asili moja na neno la Waingereza la ukoo. Mtu wa namna hiyo alikuwa yule anayekutendea kama mtu wa damu yake. Wema ulianzia kwa ndugu, na ulichukua miaka mingi kutoka nje ya ua.

Msichana wa benchi la mbele alinyoosha mkono.

"Madame, donc mutu hana ndugu, nani atamutendea vizuri?"

Darasa likacheka, nami nikacheka. Nikasema hilo tuwaachie Waingereza wa kale, tufungue zoezi.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kanisani na daftari langu. Tangu vita vianze tulikuwa na desturi yetu. Baada ya mahubiri, wakimbizi waliofika juma hilo walisimama mbele mmoja mmoja, wakataja kijiji, baba na babu. Aliyetambua jina alinyoosha mkono akasema, "Huyu ni wetu," na wakaenda nyumbani pamoja. Tuliuona utaratibu mzuri sana, hata tulijisifu. Kazi yangu ilikuwa kuandika nani amechukuliwa na nani.

Siku hiyo walianza dada wawili kutoka Mutwanga. Hatukuwahi kuwaona. Lakini walipomtaja babu yao wa Masereka, mama yangu alinyoosha mkono kabla hawajamaliza, kwa sababu marehemu baba alizaliwa kilima cha pili kutoka hapo. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vitatu na watu kumi na mmoja.

Kisha akasimama mwanamke kutoka upande wa Kamango, mgongoni amebeba mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi. Alitaja baba, akataja babu, majina ambayo hayakuwa ya Kinande, lugha yetu ya hapa. Hakuna mkono ulionyooshwa.

"Mama, hauna mutu huku Butembo?" pasta akamuuliza. "Hata mukwe?"

"Hapana, Pasta. Siko na mutu."

Akaniangalia mimi, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilimgeukia mama yangu, naye akafungua Biblia yake akaanza kutafuta mstari ambao hakuna aliyeutaja. Nikajiambia nyumba imejaa. Ulikuwa uongo mtupu, maana dakika kumi kabla haikuwa imejaa. Nikaandika jina la yule mwanamke, na mbele yake nikaacha pawazi.

Pasta aliwalaza shuleni, katika darasa langu. Jumatatu asubuhi nilimkuta ameshafagia, mtoto amelala chini ya benchi, na maneno yangu ya Ijumaa bado yako ubaoni. Alimbeba mtoto upesi wakatoka nje ili wanafunzi waingie. Mchana niliwapelekea sahani ya sombe, yaani majani ya muhogo, nikarudi nyumbani nimeridhika na nafsi yangu. Naona haya hadi leo kwa kuridhika kule.

Siku ya tatu aliniita kando ya ukuta.

"Madame, nitarudia kwetu. Muhogo yangu iko mu shamba. Huku batanipa leo, kesho batachoka."

Sote tulijua kinachowapata wanaorudi kuchimba mihogo. Yeye pia alijua. Alisubiri kidogo, na ningesema neno moja tu, angebaki. Nikamwambia Mungu akutangulie.

Hazikupita wiki mbili mwendesha pikipiki akamleta mtoto peke yake. Mama yake alikutwa shambani, kikapu kando, akiwa amekatwa kwa panga. Mtoto alikuwa amejificha majanini, hakulia, na ndiyo maana alipona.

Jumapili alisimamishwa mbele. Pasta aliinama akamuuliza jina la babu yake. Mtoto alitazama viatu vya pasta.

"Ni wetu," nikasema. "Babu yake ni wa Masereka."

Kila aliyekuwapo mara ya kwanza alijua nadanganya, na hakuna aliyefungua mdomo. Nikauandika uongo wangu kwa wino.

Mtoto huyo sasa ni mwanamke mzima. Nilimwambia kwamba mama yake alikufa vitani. Mengine aliyaunganisha mwenyewe. Huwaambia watu kwamba walifika hapa wawili, mama yake akiwa mgonjwa, na mimi nikawa wa kwanza kunyoosha mkono. Sijamsahihisha hata siku moja.

Mwaka huu amechumbiwa na kijana wa Beni. Wakwe walikuja kuuliza ukoo wake, kama ilivyo desturi. Aliwaandalia chakula, akaketi karibu yangu, akanishika goti.

"Mama, ubarudilie vile ulitupokea ile siku."

Wageni wakaacha kula ili wasikilize. Nikawasimulia hadithi hiyo vile vile anavyopenda isimuliwe, tangu mkono wangu ulivyopanda hadi kitanda nilichompa mama yake. Alilia, akawaambia ndiyo sababu anataka binti yake wa kwanza aitwe jina langu.