Sanduku la Mikono Miwili

Mume wangu ni seremala, na mtaa mzima unamwita Milimita, kwa sababu hajawahi kukubali kitu kiwe "karibu sawa". Mlango ukikwaruza kidogo tu, anaung'oa. Hata mimi amejaribu kunipiga randa miaka yote hii, ila mimi si mbao laini.

Kisha kiharusi kikampiga. Mguu ulirudi, lakini mkono wa kulia ulibaki unaning'inia kama mkono wa shati lililoanikwa. Daktari wa mazoezi akamwambia atembee. Atembee aende wapi? Mtu wa karakana hajui kutembea bila sababu. Ndipo jirani yetu, mwalimu wa udereva, akamwingiza kwenye mchezo wao wa visanduku. Watu wazima, na akili zao timamu, wanaficha visanduku chini ya madaraja na kwenye matundu ya kuta, wanaweka alama ya mahali hapo kwenye simu, na wenzao wanaufuata mshale mpaka wapate kisanduku. Wanaandika majina kwenye karatasi iliyomo ndani, wanakirudisha palepale. Zawadi hakuna. Nilimuuliza mume wangu, "Sasa unapata nini?" Akanijibu, "Napata kisanduku." Nilicheka, lakini alikuwa anarudi na hamu ya kula, nikamwacha aende.

Balaa lilianzia kwa shemeji, mdogo wake. Ana duka la vipuri, alikuwa anatafuta ghala, na karakana yetu ipo barabarani kabisa. Akaja, akanywa chai yangu, akasema, "Kaka, mkono mmoja haushiki randa. Nipe karakana niifanye ghala, wewe upumzike." Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniudhi. Mume wangu akakisukuma kikombe chake pembeni.

"Nitatengeneza sanduku la mchezo," akasema. "Nikishindwa, uchukue ufunguo."

Chama chao kina masanduku ya mafumbo, ya kutengenezwa kwa mkono, na masharti yake hayana mchezo. Anayelikuta hatumii kifaa, wala havunji. Na kabla halijafichwa, aliyelitengeneza lazima alifungue mwenyewe mbele ya wenzake, bila kusaidiwa hata kwa kidole. Sharti hilo waliliweka baada ya bwana mmoja kuficha sanduku ambalo hata yeye lilimshinda. Mwishowe mchwa ndio waliolifungua.

Nikadhani atatengeneza kitu cha kufunguliwa kwa mkono wa kushoto. Thubutu! Alibana mbao kwenye jiliwa, akapiga randa kwa kushoto, akasukuma kwa kiwiko, akaharibu, akaanza upya. Alipomaliza akaniletea jikoni. Lilikuwa sanduku dogo, na upande wa kulia na wa kushoto lina kibonyezo cha mbao chenye springi ndani. Ubonyeze vyote viwili kwa pamoja ndipo kifuniko kiteleze. Ukibonyeza kimoja, umechoka bure. Nilijaribu, likafunguka mara moja.

"Na wewe je?" nikamuuliza.

"Bado."

"Una wazimu wewe? Umejitia kitanzi mwenyewe."

"La mkono mmoja nilitengenezee nini? Ninayo miwili, ila mmoja mvivu."

Nikamwambia basi alegeze springi ya kulia, nani atajua? Akanitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. "Nitajua mimi," akasema.

Basi vibanio vyangu vyote vya nguo vikahamia mfukoni mwake. Kutwa anabana na kuachia, kidole gumba kinatetemeka, jasho linamtoka, na nguo zangu zinapeperuka hadi kwa majirani. Siku moja akakitupa kibanio ukutani, akaniambia nimwite shemeji aje achukue ufunguo. Nikamwambia miguu yangu haiendi huko, akitaka amwite mwenyewe. Akainama, akakiokota kibanio mwenyewe. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi yetu, na hasira nilikuwa nazo vilevile.

Siku ya ukaguzi wakaja karakana. Mwalimu wa udereva, ambaye ndiye mwenyekiti wao, alikuja na wenzake kadhaa. Shemeji akasimama mlangoni, akizipima kuta kwa macho. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo na mbao zilikuwa zimevimba. Hapo ndipo umilimita wake ulipomponza, maana hakuacha nafasi hata ya unywele. Kibonyezo cha kushoto kikaingia. Cha kulia, kidole kikateleza. Akajaribu tena, kikateleza tena.

Mwenyekiti akakohoa. "Fundi, hali yako tunaijua. Sharti tunaweza kulilegeza. Mama akushikie upande mmoja."

"Mikono ya mama ikae ilipo," mume wangu akasema.

Niliikalia. Kweli kabisa, niliikalia pale kwenye benchi, maana naijua tabia ya mikono hii. Mume wangu akalikumbatia sanduku kifuani, akaliinamia, akakiweka kidole gumba cha kulia kwenye kibonyezo na kukiegemezea uzito wa bega zima. Uso ulimkunjamana hadi nikaona simjui. Kisha nikasikia tak, ndogo tu, na kifuniko kikateleza.

"Hongera, kaka," shemeji akasema, na nadhani ilimtoka moyoni. Mimi machozi yalinitiririka na sikuyafuta.

Mwenyekiti akalifunga sanduku, akabonyeza yeye, likafunguka bila taabu. Akatoa simu ili kulisajili. Kila sanduku hupewa alama ya ugumu, kuanzia moja hadi tano, na anayeitaja ni aliyelitengeneza.

"Hili jepesi, fundi," akasema huku akicheka. "Niandike moja?"

Mume wangu alikuwa ameketi, mkono wa kulia ukitetemeka juu ya paja lake.

"Andika tano," akasema.

Mwenyekiti akaacha kucheka, akaandika tano.